A Tatu za Memphis

Ukikutana na maandishi manene, meusi, yaliyochubuka kana kwamba yametoka kwenye mashine ya chapa ya karne ya 19, tafuta herufi A mbili. Mimi hufanya hivyo kila mara, hata kwenye menyu ya mkahawa. Zikiwa na kovu lilelile, mahali palepale, uzee huo umetengenezwa kwenye kompyuta.

Herufi zinazoigwa na fonti hizi zilikuwa za mbao. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York alianza kuzichonga kwa mashine, na mwaka uliofuata akatoa katalogi yake ya kwanza. Matangazo ya minada na sarakasi yalihitaji herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara, na herufi kubwa ya risasi ilikuwa nzito na ghali. Mwaka 1834 William Leavenworth akaleta pantografu, kifaa kinachofuata umbo la herufi moja huku kikichonga nyingine kwa ukubwa tofauti.

Wapiga chapa wale hawakuwa wakitafuta mikwaruzo. Walitaka weusi uliokolea. Lakini mbao hugongwa, hukauka, hudondoka sakafuni. A inayofanya kazi kila siku huchakaa mapema kuliko Q inayolala kwenye droo. Kila kovu lilikuwa mali ya herufi moja tu, ikatembea nalo kutoka bango hadi bango.

Bango linalonirudia akilini kila ninapozitazama fonti hizi ni la mwaka 1968, kutoka Memphis, jimbo la Tennessee. Tarehe 1 Februari wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walipondwa hadi kufa ndani ya lori walimojikinga mvua. Siku 11 baadaye wenzao wapatao 1,300, karibu wote weusi, waligoma. Wakaandamana na mabango ya maneno manne: I AM A MAN. Mimi ni mwanamume, yaani si "boy", jina ambalo Wazungu wa Kusini walimwitia mtu mweusi wa umri wowote. Huku kwetu tulilitamka "boi", na liliitiwa hata mtumishi mwenye wajukuu.

Wanaozungumzia mtindo huu husema una "hisia za zamani". Zamani ya nani? Ukiyapanga maneno yale kwa herufi za mbao, utahitaji A tatu na M mbili, kila moja na mwili wake na majeraha yake. Fonti ina A moja inayojirudia. Wabunifu waangalifu huingiza A mbili au tatu tofauti ili programu izipe zamu. Ni hila nzuri, lakini bado ni hila.

Tré Seals, mbunifu Mmarekani mweusi, alipita njia nyingine. Kupitia karakana yake ya fonti, Vocal Type, aliyachukua maandishi ya mgomo ule wa Memphis akayageuza kuwa fonti kamili, akaiita Martin. Martin Luther King alikuwa amekwenda Memphis kwa ajili ya wazoa taka hao alipouawa tarehe 4 Aprili. Siku 12 baadaye jiji lilikubali kukitambua chama chao na kuwaongezea mshahara.