Dawa ya kidonda ikishafunguliwa, tarehe ya chupa pekee haitoshi

Na Mwandishi Wetu, Kilosa

TAREHE ya mwisho wa matumizi iliyochapwa kwenye chupa ya dawa ya kusafishia vidonda huihusu chupa ambayo haijafunguliwa. Kifuniko kikishaondolewa huanza hesabu nyingine, ambayo ni rahisi kusahauliwa.

Jambo hili lina uzito wilayani Kilosa, mkoani Morogoro. Mkulima aliyejikata kwa panga shambani, au abiria wa pikipiki aliyechubuka kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Zambia pale Mikumi, huenda yuko mbali na zahanati, na chupa iliyopo nyumbani ndiyo huduma yake ya kwanza.

Wengi hudhani kwamba dawa inayoua vijidudu haiwezi kuingiwa na vijidudu. Sivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchini Marekani, bakteria wa jamii ya Pseudomonas walikutwa hai hata ndani ya dawa ya povidoni-ayodini. Hatari huongezeka pale pamba iliyokwisha kugusa kidonda inapochovywa ndani ya chupa, au dawa mpya inapomiminwa juu ya masalio ya zamani.

Kila dawa ina udhaifu wake. Spiriti hupaa hewani chupa isipofungwa vyema, na inayobaki hupungua nguvu. Aidha, hushika moto upesi, hivyo isiwekwe karibu na jiko wala kibatari. Haidrojeni peroksaidi huvunjwa na mwanga na joto ikawa maji na oksijeni, ndiyo maana huuzwa katika chupa isiyopitisha mwanga.

Dawa iliyozimuliwa kwa maji haidumu kama ile isiyozimuliwa. Inashauriwa kuzimua kiasi kinachohitajika kwa wakati huo, kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, kisha kumwaga kinachobaki. Mchanganyiko wa klorini wa kusafishia vyombo na sakafu, ambao si dawa ya kidonda, hutengenezwa upya kila siku.

Katika utunzaji, mambo yafuatayo yazingatiwe:

- Andika kwenye chupa tarehe uliyoifungua, na ufuate muda ulioelezwa na mtengenezaji. Usipouona, muulize mfamasia siku ya kununua.
- Nunua chupa ndogo inayokwisha mapema.
- Mimina dawa juu ya pamba safi. Usichovye pamba wala kidole chupani.
- Hifadhi mahali pakavu, penye kivuli na pasipofikiwa na watoto. Nyumba ya bati hupata joto kali mchana, hivyo rafu ya chini ya dari si mahali pake. Kabati lililofungwa linafaa zaidi.
- Usihamishie dawa kwenye chupa ya soda au ya dawa nyingine. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari baada ya klorheksidini ya kitovu cha mtoto mchanga kutiwa machoni kimakosa na kuleta madhara makubwa.

Dawa iliyobadilika rangi au harufu, au yenye vitu vinavyoelea, isitumike. Vivyo hivyo chupa iliyoguswa na maji ya mafuriko, kama yale ya Mto Mkondoa yaliyoikumba Kilosa kati ya Desemba 2009 na Januari 2010.

Chupa ikitiliwa shaka, kidonda kioshwe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kisha kifunikwe kwa kitambaa safi. Kidonda kirefu, chenye uchafu mwingi au kilichotokana na kuumwa na mnyama kipelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.