Jina la Mtu Aliyekaa Miaka Mitano

Kwanza, pumzi. Ukingo wa Bryce Canyon, jimboni Utah, Marekani, uko kati ya mita 2,400 na 2,700 juu ya usawa wa bahari. Hatua chache tu kutoka kwenye basi nilikuwa nahema. Kisha nikachungulia chini, nikasahau kuhema. Maelfu ya minara ya mawe, myekundu, ya rangi ya chungwa, mingine myeupe, imesimama kama umati unaosubiri hotuba.

Wanajiolojia wanasema hapa palikuwa na ziwa, karibu miaka milioni 50 iliyopita. Tope lake likawa mwamba, madini ya chuma yakautia wekundu. Maji hupenya kwenye nyufa, huganda usiku, hutanuka na kuupasua. Mvua hufagia vipande.

Wapaiute wana maelezo yao. Hao walikuwa watu, wakatenda maovu. Koyote, mjanja wa hadithi zao kama Sungura wa zetu, akawageuza mawe, na nyuso zao zikabaki na rangi walizojipaka.

Sasa, Bryce ni nani? Ebenezer Bryce alizaliwa Uskoti mwaka 1830. Alifika hapa 1875 na mifugo yake, akatengeneza barabara ya kusombea mbao, na 1880 akahamia Arizona. Miaka mitano tu! Lakini majirani walishazoea kuliita korongo la nyuma ya nyumba yake kwa jina lake, na mwaka 1928 likawa jina la hifadhi ya taifa. Na si hata korongo, maana hakuna mto uliolichimba.

Wapaiute, waliowinda huku kwa karne nyingi, walisukumwa mbali na chemchemi na malisho. Mwaka 1954 Bunge la Marekani liliacha hata kuwatambua Wapaiute wa Utah kama kabila. Walitambuliwa tena 1980, miaka mia tangu Bryce afungashe virago.

Tusiwacheke Wamarekani. Mskoti mwingine, Joseph Thomson, alipita Nyahururu mwaka 1883, akaenda zake. Mji tuliurudishia jina. Maporomoko je? Wengi wetu bado tunayaita ya Thomson.

Pale ukingoni nilipiga picha, nikaandika "Bryce" chini yake na kuituma nyumbani kabla sijafikiri. Mamangu akajibu, "Huyo Bryce ndiye yupi hapo?"