Umepata AR.Drone 2.0 ya mtumba? Soma hii kwanza kabla hujaivunja



Ndani ya mwezi mmoja vijana watatu wameniuliza swali lile lile: "Bro, kuna jamaa anauza droni ya Parrot kwa bei ya kutupa, niichukue?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, nimeona niandike yote hapa. Haya ni mambo niliyojifunza kwa kuharibu ya kwangu, kwa hiyo wewe huna sababu ya kurudia.

Tuanze na kitu chenyewe. AR.Drone ya kwanza ilionyeshwa na kampuni ya Parrot ya Ufaransa kule Las Vegas Januari 2010, ya pili ikafuata Januari 2012 na ikauzwa kwa dola 299. Wengi wetu "ndege nyuki" ya kwanza kuiona kwa macho ilikuwa ya aina hii. Haina rimoti. Inatengeneza Wi-Fi yake, simu yako inajiunga, unarusha kwa kugusa kioo. Ina kamera ya 720p mbele na nyingine ndogo tumboni. Uzito ni gramu 380 ikivaa ganda la nje, na 420 ikivaa lile la ndani lenye pete nne za kulinda propela. Ilipofika 2019 Parrot ikajiondoa kabisa kwenye droni za kuchezea. Maana yake kipuri chochote unachokiona leo kimekaa stoo miaka, kimetoka kwenye droni iliyokufa, au ni feki ya Kichina ambayo pengine ni nzuri na pengine siyo.

Sasa niichukue au nisiichukue? Jibu langu ni ichukue, ila kwa sababu moja tu: inafunguka. Droni nyingi za bei chee mota ikifa umetupa. Hii unatoa skrubu, unavuta plagi, unaweka mota nyingine, nusu saa kazi imekwisha. Kwa anayeanza hilo ni bora kuliko kamera kali.

Kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji aweke betri mbele yako. Kila mota itashtuka kidogo, moja baada ya nyingine, halafu taa nne zilizo chini ya mota zitageuka kuwa kijani. Taa moja ikibaki nyekundu, mota ile au saketi yake ndogo haijibu, punguza bei au ondoka. Halafu zungusha kila propela kwa kidole bila umeme. Inatakiwa iteleze laini. Ukisikia kama kuna mchanga unasaga, hapo kuna gia iliyoliwa au shafti iliyopinda. Betri iliyovimba usiichukue hata ukipewa bure.

Ishu ya pili watu hawaiwazi kabisa: Dodoma iko juu. Tuko mita kama 1,120 kutoka usawa wa bahari, na Singida ni kama 1,500. Hewa ya hapa, kwa joto lile lile, ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu asilimia 12. Propela inaelea kwa kusukuma hewa chini, hewa ikiwa nyepesi lazima izunguke haraka zaidi ili ibebe uzito ule ule. Hesabu inatoka kama asilimia 6 au 7 zaidi. Parrot wenyewe waliandika kwamba mota inazunguka mara 28,500 kwa dakika droni ikiwa imesimama hewani, na gia inapunguza mara 8.75 hadi ifike kwenye propela. Ongeza hiyo asilimia 7, mota yako hapa Dodoma inapita 30,000 hata kabla hujaiambia iende popote. Umeme unaliwa zaidi, mota inapata moto zaidi, na akiba ya kupambana na upepo inapungua.

Ndiyo maana nacheka nikiona mtu anataka "kuiboresha" kwa kubandika kamera nyingine, taa za rangi na betri kubwa kuliko zote. Kila gramu unayoongeza inatoka kwenye ile akiba ndogo iliyobaki. Boresha kwa kupunguza. Gundi ya moto uliyomwaga kwenye ganda, toa. Stika, toa. Ufa kwenye ganda uunganishe kwa utepe mwembamba, inatosha.

Na angalia saa. Asubuhi ya Julai, saa 1 hivi, kukiwa na baridi ya nyuzi 15, hewa ni nzito kwa karibu asilimia 5 kuliko mchana wa nyuzi 30, na upepo bado umelala. Saa 9 alasiri kiangazi ni habari nyingine. Mimi niliirusha saa hizo kwenye uwanja mtupu, nimevalisha ganda la ndani kwa sababu lina zile pete za kulinda. Kosa. Lile ganda upepo ukilikamata ni mwamvuli. Ikapita kisulisuli, hivi vya vumbi tulivyovizoea, ikabeba droni kama karatasi. Nilikuta msalaba wa kati umekatika mkono mmoja na gia mbili hazina meno. Nje ni ganda la nje, na kwenye programu ya simu uiambie umevaa ganda gani maana inarusha tofauti.

Sasa gia. Hapa ndipo droni hii inapoishi au kufa, na hapa kwetu adui ni vumbi. Kila mota ina kigia kidogo kinachosukuma gia kubwa ya plastiki, na gia hiyo imekaa kwenye shafti ya chuma inayozunguka ndani ya bushi za shaba. Vumbi letu jekundu likiingia pale linafanya kazi ya msasa. Dalili ya kwanza ni sauti: mlio wa kawaida ni wa nyuki, ukianza kuwa wa mashine ya kusaga, shusha.

Fanya hivi kila baada ya kurusha mara tano au sita, au kila siku kama mmetua kwenye mchanga. Chomoa betri. Chukua mswaki wa zamani uliokauka, piga mswaki meno ya gia zote nne, geuza droni uchafu udondoke. Usipulize kwa mdomo, unaweka unyevu. Halafu tone moja dogo la mafuta ya cherehani kwenye shafti, ufute yaliyozidi. Meno ya gia usiyapake chochote. Nasisitiza kwa sababu jamaa yangu mmoja aliyapaka grisi ya baiskeli ili "zilainike", vumbi likaganda juu yake, ndani ya wiki gia zimekuwa duara.

Kubadilisha gia si kazi ngumu. Inayosumbua ni pete ndogo ya chuma yenye umbo la C inayobana juu ya propela. Ile ukiibandua bila kuishika kwa kidole inaruka na hutaiona tena. Mimi natandika shuka jeupe sakafuni na nafunga feni. Skrubu ni za nyota ndogo, bisibisi yake ni T6, mafundi simu pale Majengo wanayo. Shafti ukiitoa izungushe juu ya kioo cha meza. Ikiyumba imepinda, usijaribu kuinyoosha kwa nyundo, haitarudi sawa hata siku moja. Ukifungua gia kubwa angalia na kile kigia cha mota, maana kigia kilichoisha kinakula gia mpya kwa siku mbili. Kuna vigia vya chuma vinauzwa mtandaoni kama "apgredi". Mtazamo wangu: vinadumu vyenyewe, lakini ukigonga mti, kinachovunjika ni gia kubwa. Nilichoona kina faida ni kuweka beringi ndogo za mipira badala ya bushi za shaba, shafti inateleza vizuri na kelele inapungua. Pima shafti yako kwa kalipa kabla ya kuagiza.

Propela zina herufi, mbili C na mbili A, kwa sababu zinazunguka pande tofauti. Ukizichanganya droni itapinduka pale pale inapotaka kuinuka, na utadhani imeharibika. Niliwahi kupoteza jioni nzima kwa hilo.

Betri. Ya asili ni LiPo ya seli tatu, volti 11.1, mAh 1,000, ilikuwa inatoa kama dakika 12 ikiwa mpya. Baadaye ikaja ya 1,500. Hiyo ya 1,500 ndiyo apgredi pekee ya betri ninayoikubali, zaidi ya hapo uzito unakula faida. Ila betri ya asili "mpya kwenye boksi" leo imekaa rafu miaka mingi, na LiPo inazeeka hata bila kutumika. Afadhali betri ya seli tatu iliyotengenezwa karibuni, yenye vipimo vinavyoingia kwenye nafasi yake na plagi inayofanana. Kama plagi ni tofauti mpe fundi redio anayejua kusolda, na umwambie akate waya mmoja mmoja, asikate nyekundu na nyeusi kwa pamoja na mkasi, cheche zake utazikumbuka.

Pima kwa mita. Kila seli ikijaa ni volti 4.2, jumla 12.6. Ikishuka chini ya 3.3 kwa seli acha kurusha, chini ya 3.0 umeiua. Kama hutarusha wiki nzima iache kwenye 3.8 hivi, usiiache imejaa. Ichaji kwa chaja yake yenye plagi ya kulinganisha seli, juu ya kigae au ndani ya sufuria ya zamani, na wewe uwepo. Usiichaji umelala, na usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani. LiPo ikiwaka haizimwi kwa kikombe cha maji, na nyumba zetu dari ni za mbao.

Kwenye simu sina mengi. Programu yake inaitwa AR.FreeFlight na ni ya zamani, kwa hiyo tafuta simu ya zamani uifanye ya droni tu. Zima data kabisa. Simu za sasa zikiona Wi-Fi haina intaneti zinairuka na kurudi kwenye data, wewe unabaki unagusa kioo huku droni imening'inia inasukumwa na upepo. Kabla ya kuruka iweke mahali palipo sawa ubonyeze kitufe cha kuisawazisha. Na usipite juu ya maji ya Hombolo au mchanga mtupu wa korongo: ile kamera ya tumboni inasoma alama za ardhi ili ijue inateleza au imetulia, ardhi isipokuwa na alama inapotea.

Wanaopenda kompyuta sasa. Kuna tundu la USB juu ya saketi, weka flashi fupi, irekodi video humo humo badala ya kwenye simu (halafu ukiipeleka kafe skani virusi kwanza, tunajuana). Ndani ya droni kuna Linux. Unganisha laptop kwenye Wi-Fi yake, ingia 192.168.1.1 kwa telnet, unafika ndani bila nywila yoyote! Inapokea amri za maandishi tu kupitia UDP mlango 5556, na tangu 2012 kuna maktaba ya JavaScript, node-ar-drone, ambayo kwa mistari michache inairusha na kuitua. Lakini mlango ulio wazi kwako uko wazi kwa kila mtu. Desemba 2013 Mmarekani Samy Kamkar alionyesha droni ya aina hii ikibeba kompyuta ndogo na kuziteka nyingine hewani. Kwenye mipangilio ya AR.FreeFlight kuna sehemu ya kuifunga droni kwa simu yako, iwashe.

Na hili msiliruke. Tanzania ina kanuni za droni tangu 2018. Unahitaji usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na kibali cha Wizara ya Ulinzi kinahusika pia. Usijidanganye kwamba gramu 420 ni mchezo wa mtoto, waulize TCAA kabla hata hujanunua. Mji wetu ni makao makuu: uwanja wa ndege uko katikati ya nyumba, Bunge lipo, Mtumba kuna wizara, Chamwino kuna Ikulu. Kuna dogo atasema "mbona ni dakika tano tu". Dakika tano zinatosha kunyang'anywa droni na kulala ndani. Ukisubiri kibali, jaribu mota na gia zako ndani ya ukumbi au darasa tupu kwa ruhusa ya mwenye nalo, na hapo lile ganda la pete nne ndipo mahali pake. Na majirani waambie mapema. Mzee mmoja mtaani kwetu aliiona mezani akaniuliza, "Mjukuu wangu, hicho kinampiga picha nani?" Nikamwonyesha video yote kwenye simu. Angeniuliza ikiwa hewani juu ya bafu lake ingekuwa kesi.

Vipuri nilivyomaliza zaidi kwa miaka hii ni gia, shafti na zile pete za C, kwa mpangilio huo. Mota nimebadilisha moja tu. Kwa hiyo ukiona AR.Drone iliyokufa inauzwa kwa bei ya soda mbili, inunue hiyo nayo. Mimi ninazo mbili, moja inaruka, nyingine iko kwenye boksi la viatu chini ya kitanda imebaki na mota mbili na msalaba.