Arusha Walitia Saini, Kibondo Wakapokea Wageni

Mkataba wa amani ya Burundi ulitiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Kwa Busunzu na vijiji vingine vya Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, kipimo chake kilikuwa kimoja tu: wakimbizi wanarudi kwao, au bado wanakuja?

Wimbi la miaka hiyo lilianza Oktoba 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye. Wenyeji Waha hawakuhitaji mkalimani, maana Kiha na Kirundi ni ndugu. Kambi za Nduta, Mtendeli, Kanembwa na Mtabila zikajaa.

Usuluhishi aliuanza Mwalimu Nyerere; alipofariki Oktoba 1999, Nelson Mandela akaupokea. Pande 19 zilisaini, lakini waasi wakuu wenye bunduki, CNDD-FDD na FNL, hawakuwamo. Vita vikaendelea. CNDD-FDD walikubali kuweka silaha chini mwaka 2003. FNL wakasaini Dar es Salaam Septemba 2006, na hata hivyo mapigano yakazuka tena 2008.

Kilichoushikilia mkataba ni jeshi. Ilikubaliwa kwamba hakuna kabila, Wahutu wala Watutsi, litakalozidi nusu ya askari, na waliowindana porini wakalala kambi moja. Mkataba wa Rwanda wa Agosti 1993, uliosainiwa Arusha hiyohiyo, nao uligawa jeshi, ila mauaji ya kimbari yaliukuta kwenye karatasi. Burundi utekelezaji ulifanyika, wakimbizi wakarejea, na Mtabila ikafungwa mwaka 2012.

Tundu lilikuwa kwenye ukomo wa urais. Arusha ilisema mihula miwili, basi. Lakini mwaka 2005 Pierre Nkurunziza alichaguliwa kuwa Rais na Bunge, si na wananchi, na mwaka 2015, alipotaka kugombea muhula wa tatu, wafuasi wake wakadai muhula huo hauhesabiwi. Mahakama ya Katiba ikakubaliana nao mwezi Mei.

Watu walikuwa wameshaanza kukimbia. Maelfu walikwama Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kipindupindu kikawakuta huko. MV Liemba, meli ya enzi za Wajerumani, ikawasomba hadi Kigoma, kisha mabasi yakawapeleka Nyarugusu, Kasulu. Oktoba mwaka huo Nduta ikafunguliwa upya.

Hata hivyo, vita vya Wahutu na Watutsi havikurudi. Kilichorudi ni ugomvi wa madaraka. Arusha ilidumu pale ilipogawa jeshi waziwazi, ikavunjika pale katiba ilipoacha kifungu kinachosomeka kwa namna mbili.