Riwaya ipi ifuate? Kusadikika, Walenisi na tuzo za wenzetu

Wadau, kikundi chetu cha kusoma vitabu kimekwama. Tuko saba. Wanne tunahangaika na maisha Mwanza na Dar, watatu wako nyumbani Nyamigogo, kule Kagera, pande za Ngara na Biharamulo. Tumekubaliana kitu kimoja tu: kitabu kinachofuata kiwe riwaya ya kisayansi, zile hadithi za vyombo vya angani, sayari za mbali na dunia ya kesho. Mmoja wetu akashauri tuchague kwenye orodha za vitabu vilivyoteuliwa kuwania tuzo, ili tusitupe hela kwenye kitabu kibovu. Ushauri mzuri. Tatizo ni kwamba orodha zote alizoleta ni za vitabu vya Kiingereza, na kati ya wale watatu wa nyumbani, wawili Kiingereza kinawapa shida. Mmoja ni fundi cherehani, mwingine analima kahawa na migomba. Tukichagua vibaya, tunabaki watano.

Kwa hiyo nikaamua kufanya kazi yangu ya uandishi wa habari. Nikauliza: hizi tuzo zimetoka wapi? Na je, Kiswahili hakijawahi kwenda angani?

Tuanze na tuzo. Kongwe na maarufu kuliko zote ni Hugo. Ilianza kutolewa Marekani mwaka 1953, na wanaopiga kura ni wanachama wa mkutano wa kila mwaka wa wapenzi wa hadithi hizi. Unajua ni lini riwaya iliyotafsiriwa kutoka lugha nyingine ilishinda kwa mara ya kwanza? Mwaka 2015. Ilikuwa The Three-Body Problem ya Mchina Liu Cixin, tena ilishinda baada ya Ken Liu kuitafsiri kwa Kiingereza. Zaidi ya miaka 60! Je, katika muda wote huo Wachina, Warusi na Waarabu hawakuwa wakiandika? Walikuwa wanaandika, na Warusi walikuwa mabingwa kabisa. Ila mpiga kura hawezi kukipigia kura kitabu asichoweza kukisoma.

Nyingine ni tuzo ya Arthur C. Clarke ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1987. Hii inataka riwaya iliyochapishwa Uingereza. Hata hivyo Waafrika wamepenya. Mwaka 2019 ilikwenda kwa Rosewater ya Tade Thompson, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria. Mwaka 2020 ikaenda kwa The Old Drift ya Namwali Serpell wa Zambia. Na mwaka 2017 Waafrika wenyewe walianza kutoa tuzo yao, Nommo, na riwaya ya kwanza kuipata ilikuwa hiyohiyo Rosewater.

Ukiziangalia kwa makini utaona kwamba orodha ya tuzo ni orodha ya vitabu vizuri vilivyofika mezani kwa majaji. Kitabu ambacho hakikufika hakijashindwa. Hakikushindana. Ni mambo mawili tofauti, na sisi wa kikundi tulikuwa tunayachanganya.

Sasa turudi kwetu. Wengi wetu tulikutana na Kusadikika shuleni, tukakariri wahusika na dhamira ili tufaulu mtihani, kisha tukakisahau. Kifungue tena. Shaaban Robert alikitoa mwaka 1951, wakati Tanganyika iko chini ya Mwingereza. Kusadikika ni nchi iliyo angani! Ndani yake kijana Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha elimu ya uanasheria. Katika kujitetea anawasimulia wakubwa habari za wajumbe waliotumwa pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Walirudi na habari za maendeleo ya huko, wakatupwa gerezani. Kitabu hakina injini wala roketi, lakini njia ni ileile wanayotumia mabingwa wa hadithi za kisayansi: jenga nchi ambayo haipo ili useme ukweli kuhusu nchi iliyopo. Na chombo cha kwanza cha binadamu kuizunguka dunia, Sputnik, kilirushwa mwaka 1957, miaka sita baada ya kitabu hicho.

Baada ya hapo anga lenyewe likaja Afrika Mashariki. Huwa nashangaa jinsi watu wachache wanavyoijua habari hii. Katika miaka ya 1960 Waitaliano waliweka jukwaa baharini karibu na Malindi, Kenya, likaitwa San Marco. Wakachagua hapo kwa sababu ni karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia wenyewe unakipa chombo msukumo wa bure. Setilaiti ya kwanza kutoka jukwaa hilo iliruka mwaka 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya inatimiza miaka saba ya uhuru, ikarushwa setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miali ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Wakaipa jina la Kiswahili: Uhuru. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi hiyo tu, na vipimo vyake vilisaidia wanasayansi kukitambua kitu kinachoitwa Cygnus X-1, mmoja wa wagombea wa mwanzo kabisa wa jina la shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Nobeli ya fizikia mwaka 2002. Kwa hiyo neno letu liko kwenye historia ya sayansi ya anga, wakati sisi wenyewe tunadhani anga ni mali ya wazungu.

Pwani hiyohiyo ya Kenya ndiko alikotoka Katama Mkangi, msomi wa sosholojia. Mwaka 1986, enzi za Moi, aliwekwa kizuizini bila kesi. Mwaka 1995 akatoa riwaya inayoitwa Walenisi. Mhusika wake mkuu, Dzombo, anahukumiwa na watawala wa nchi yake, na adhabu yenyewe ni kufungiwa ndani ya chombo na kurushwa angani akafie huko. Hafi. Anatua kwenye sayari ambako watu wanaishi kwa usawa, hakuna bwana wala mtwana. Sayari inaitwa Walenisi. Lisome jina hilo polepole: wale-ni-sisi. Kama hiyo si riwaya ya kisayansi, basi sijui neno hilo lina maana gani.

Mkangi hayuko peke yake. Jirani yetu wa ziwani, Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu vinavyovuruga kabisa mpaka wa ndoto na dunia. Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar akaja na Babu Alipofufuka mwaka 2001. Mwaka uliofuata Kyallo Wamitila wa Kenya akatoa Bina-Adamu! kuhusu kijiji cha utandawazi. Wahakiki wakaviita riwaya za majaribio, au riwaya mpya. Majina ya heshima, lakini sina hakika kama yanamvuta fundi cherehani. Kwa jina la majaribio tu, mtu anaogopa kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.

Sasa, kwa nini nakazania wale wenzetu wa Nyamigogo? Si kwa huruma. Ni kwa sababu wana kitu cha kutufundisha kwenye vitabu hivi. Chukua Rosewater. Ni habari ya mji uliochipuka Nigeria kuzunguka kuba la viumbe wageni, kwa sababu watu walimiminika pale kutafuta uponyaji. Msomaji wa London anaona maajabu. Mtanzania anakumbuka mwaka 2011, foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500. Na mtu wa Ngara anakumbuka zaidi. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya saa 24 hivi, Wanyarwanda wapatao laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo. Pakazaliwa Benaco, jina lililotokana na kampuni ya Kitaliano iliyokuwa imejenga barabara, na ikawa inasemwa kwamba kwa watu ndio mji wa pili Tanzania baada ya Dar. Desemba 1996 wengi wao wakarudishwa kwao. Mji ulizaliwa kwa siku moja, ukaisha kwa wiki chache, ukaacha vilima visivyo na miti. Waandishi wa hadithi za kisayansi huwa wanakaa chini kubuni mambo kama hayo. Wazee wetu waliyaona.

Ndiyo maana naona kikundi cha wasomi wanne wa mjini wakijadili miji inayochipuka usiku mmoja, bila watu wa nyumbani mezani, kitakuwa kimepoteza nusu ya kitabu.

Basi kura yangu ni hii. Kitabu kinachofuata kiwe Walenisi. Hakimo kwenye orodha ya Hugo wala ya Clarke, na sababu mmekwisha kuiona. Nakala hazipatikani kirahisi, kwa hiyo tukipata mbili, moja ipande basi kwenda nyumbani na moja izunguke mjini. Baada ya hapo tuchukue Rosewater, na sisi wanne tunaosoma Kiingereza tugawane sura na kuwasimulia wenzetu kwa Kiswahili tunapokutana. Ken Liu alifanya kazi kubwa ya kutafsiri, Mchina akapata tuzo. Sisi tunaweza kuanza na kazi ndogo ya kusimulia.

Mkulima wetu wa kahawa keshapewa taarifa. Ameuliza swali moja tu: huyo Dzombo alirudi kwao, au alibaki hukohuko kwenye raha? Nimemwambia asubiri kitabu.