Naitrojeni kimiminika: mafunzo ya usalama kwa wafanyakazi

Mafunzo ya usalama wa naitrojeni kimiminika ni maelekezo na mazoezi wanayopewa watu wanaojaza, kusafirisha, kuhifadhi au kutumia gesi iliyopozwa mno hadi ikawa majimaji. Naitrojeni huchemka kwenye nyuzi −196 za Selsiasi, oksijeni −183, methani ya gesi asilia −162 hivi, na heli −269. Afrika Mashariki wanaoijua zaidi naitrojeni ya aina hii ni wahimilishaji wa ng'ombe. Mbegu za madume hukaa kwenye mirija myembamba iliyozamishwa ndani yake, na mtungi hufungwa nyuma ya pikipiki kuelekea kwa mfugaji. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji (NAIC) kilichopo Usa River, Arusha, huzalisha mbegu hizo na kufundisha wahimilishaji. Nchini Kenya, kituo cha KAGRC kilichopo Kabete kina kazi kama hiyo ya kuzalisha mbegu. Maabara huitumia pia, na kliniki za ngozi huichomea chunjua.

Anayeanza kazi huogopa baridi, na ana sababu. Chuma kilichopozwa hunasa ngozi yenye unyevu, na tone likiingia jichoni laweza kulipofua. Hata hivyo tone dogo likidondoka mkononi huviringika na kuanguka bila kuumiza, kwa sababu mvuke wake hutangulia kutengeneza utando kati yake na ngozi. Johann Gottlob Leidenfrost, tabibu wa Kijerumani, aliandika kuhusu jambo hilo mwaka 1756 akitazama maji kwenye chuma cha moto. Mafundi wengine hulifanyia mchezo mbele ya wanafunzi. Ni mchezo mbaya: utando huo hausaidii kitu majimaji yakinaswa ndani ya kiatu, chini ya pete au kwenye kitambaa kilicholowa. Ndiyo maana glavu za kazi hii huwa pana, zivulike kwa kupunga mkono mara moja, na suruali huteremshwa nje ya buti badala ya kuchomekwa ndani. Miwani ya kinga na ngao ya uso huvaliwa kabla mfuniko haujaguswa.

Hatari ya pili ni shinikizo. Lita 1 ya naitrojeni kimiminika ikipata joto la kawaida huwa karibu lita 700 za gesi. Kizibo cha mtungi wa mbegu kwa hiyo hukaa kwa kulegea makusudi, na anayekikaza kwa gundi au kitambaa ili naitrojeni isiishe upesi anatengeneza bomu. Katika Chuo Kikuu cha Texas A&M, Januari 2006, tangi la maabara ambalo vifaa vyake vya kupunguza shinikizo vilikuwa vimeondolewa na matundu kuzibwa kwa shaba nyeupe lililipuka usiku wa manane, likapaa na kutoboa dari ya zege. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa hapakuwa na mtu.

Hatari ya tatu ndiyo inayoua zaidi, nayo haionekani. Naitrojeni haina harufu wala rangi, na ukungu mweupe unaouona ni unyevu wa hewa tu. Gesi yenyewe huenda mbali kuliko ukungu huo, na ikiwa bado baridi hutambaa chini na kujaa mashimoni. Mwili nao hautoi taarifa. Hamu ya kuvuta pumzi huletwa na kaboni dioksidi inayorundikana kwenye damu, si na upungufu wa oksijeni. Kwa kuwa mtu aliye ndani ya naitrojeni anaendelea kuitoa kaboni dioksidi kama kawaida, hasikii kukabwa. Akili huzubaa, miguu hulegea, anaanguka. Oksijeni ikiwa imeshuka sana, pumzi mbili zinatosha.

Zoezi moja la darasani hufaa kuliko mabango yote ukutani. Chukua stoo ya mita 3 kwa 3 yenye kimo cha mita 2.7: ujazo wake ni mita za ujazo 24 hivi. Mtungi wa lita 10 ukimwagika wote na madirisha yamefungwa, hutoa gesi ya karibu mita za ujazo 7, na oksijeni hushuka kutoka asilimia 20.9 hadi 15. Ukiwa wa lita 25, inabaki asilimia 6, kiwango ambacho mtu hazinduki bila kuokolewa haraka. Nchini Marekani hewa yenye oksijeni chini ya asilimia 19.5 huhesabiwa kuwa na upungufu. Mwanafunzi aliyepiga hesabu hiyo kwa stoo yake mwenyewe hahitaji kushawishiwa kufungua madirisha au kufunga kipima oksijeni chenye king'ora.

Mfano unaotajwa sana siku hizi ni wa Gainesville, jimbo la Georgia, Marekani. Tarehe 28 Januari 2021, friza ya kugandisha kuku kwa naitrojeni ilifurika katika kiwanda cha Foundation Food Group. Bodi ya Usalama wa Kemikali ya Marekani ilikuta kwamba mrija mwembamba wa kupimia kina cha majimaji ulikuwa umepinda, hivyo mtambo ukaendelea kujaza. Wafanyakazi 6 walikufa. Baadhi yao waliingia kuona kulikoni au kuwatoa wenzao, na bodi ilihesabu walau watu 14 walioelekea kwenye hatari kwa namna hiyo. Hawakuwa wamefundishwa naitrojeni hufanya nini, na chumba hakikuwa na king'ora cha oksijeni cha kuwazuia. Kuwaita wazembe ni kuwaonea. Walifanya ambalo mtu yeyote mwenye utu angelifanya, na ndilo mafunzo yanapaswa kuligeuza.

Oksijeni kimiminika, ambayo hospitali kadhaa huihifadhi kwenye matangi, ina somo lake. Haiungui yenyewe, lakini huunguza kila kitu kingine: grisi kwenye valvu, mafuta mikononi, lami chini ya tangi. Sakafu ya tangi lake huwa ya zege. Aliyemwagikiwa hukaa mahali wazi walau dakika 15 kabla ya kusogelea moto au sigara, kwa kuwa nguo zilizoshiba oksijeni huwaka ghafla.

Mafunzo ya vitendo huanza na kujaza mtungi polepole, ule wenye joto ukipewa kidogo kwanza upoe. Kina hupimwa kwa kijiti cha mbao au plastiki, kisha husomwa kwa mstari wa barafu. Bomba lenye tundu halitumiwi, maana majimaji hufyatuka juu kuelekea usoni. Katika gari mtungi hufungwa wima, nje ya chumba cha dereva. Kwenye jengo lenye lifti, hutumwa peke yake na mtu huupokea ghorofani. Aliyeungua kwa baridi huoshwa kwa maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, bila kusuguliwa, na nguo iliyoganda mwilini haibanduliwi kwa nguvu.

Sheria za usalama na afya kazini, ya Tanzania ya 2003 na ya Kenya ya 2007, zinamtaka mwajiri kuwafundisha wafanyakazi hatari za kazi yao. Mtihani wa kufunga mafunzo waweza kuwa swali moja: mwenzako amelala sakafuni ndani ya stoo ya naitrojeni, unafanya nini? Jibu ni kubaki nje, kupiga kelele, kufungua milango kutoka nje na kuwaita waokoaji wenye mitungi ya kupumulia. Anayejibu kwamba ataingia kumtoa asipewe ufunguo wa stoo.