Monsta traki ya rimoti

Monsta traki ya rimoti ni gari dogo la modeli lenye matairi makubwa na chesisi iliyoinuka, linaloongozwa kutoka mbali kwa mawimbi ya redio. Makala hii inahusu zile za daraja la hobi, yaani zilizoundwa ili mwenyewe aweze kuzifungua, kuzirekebisha na kubadilisha vipuri. Hapo ndipo zinapotofautiana na magari ya rimoti ya watoto: gari la mtoto likivunjika gia moja, kwa kawaida hutupwa lote.

Historia

Mwaka 1898 Nikola Tesla alionyesha mjini New York mashua ndogo iliyoongozwa kwa redio. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilianza kuuza magari ya rimoti mwaka 1976. Monsta traki kubwa zilianzia Marekani, ambako Bob Chandler wa St. Louis aligeuza pikapu yake ya Ford ya mwaka 1974 kuwa gari lililojulikana kama Bigfoot. Modeli zilifuata: Tamiya ilitoa Clod Buster mwaka 1987, yenye mota mbili na magurudumu manne yanayokata kona yote. Mwaka 1999 kampuni ya Traxxas ilitoa T-Maxx, iliyotumia injini ndogo ya mafuta maalumu. Siku hizi nyingi hutumia umeme.

Katika Afrika Mashariki watoto wamezoea kujiundia magari ya waya, wakikata matairi kutoka soli za kandambili na kuliongoza gari kwa usukani mrefu wa waya. Hayana redio wala mota, lakini aliyeliunda anajua kulitengeneza linapoharibika.

Sifa za kupima

Vipuri. Mikono ya magurudumu, gia na ekseli huvunjika mara kwa mara kwa sababu gari huruka na kupinduka. Gari ambalo vipuri vyake havipatikani hurudi kuwa kitu cha kuchezea tu, hata kama ni la bei kubwa. Kwa hiyo sifa hii hutangulia kasi.

Mota. Mota ya brashi ni rahisi na ya bei nafuu, lakini brashi zake za kaboni hulika. Mota isiyo na brashi hudumu zaidi na ina nguvu zaidi, ila huhitaji kidhibiti kasi cha kielektroniki kinacholingana nayo. Nguvu hiyo pia huvunja gia dhaifu upesi.

Betri. Betri za nikeli zenye seli sita hutoa volti 7.2. Seli moja ya lithiamu-polima huhesabiwa kuwa na volti 3.7, hivyo mbili hutoa 7.4 na tatu 11.1. Betri ya Ah 5, gari likitumia wastani wa ampea 15, huisha baada ya dakika 20 hivi. Muda huo humweleza mnunuzi mengi kuliko kasi iliyoandikwa kwenye boksi.

Shokapu na difu. Shokapu nzuri zina mafuta ndani, hivyo gari likibonyezwa huinuka taratibu bila kudundadunda. Difu zenye gia za chuma hustahimili zaidi kuliko za plastiki.

Redio. Redio za zamani, kwa mfano za megahezi 27, ziliingiliana iwapo magari mawili yalitumia chaneli moja. Zile za gigahezi 2.4 huoanishwa na gari lake, hivyo watu wengi huweza kuendesha pamoja.

Maji na vumbi. Neno "haipitishi maji" mara nyingi huhusu vifaa vya umeme tu. Beringi zikilowa bila kukaushwa na kutiwa mafuta hushika kutu.

Usalama

Gari la kilo kadhaa likienda mbio linaweza kumvunja mtu mguu. Kabla ya kuendesha, magurudumu huinuliwa hewani, mota huzungushwa polepole, kisha rimoti huzimwa: gari lililo salama husimama lenyewe. Rimoti huwashwa kwanza na kuzimwa mwisho.

Betri ya lithiamu-polima inaweza kuwaka moto ikitobolewa, ikichajiwa kupita volti 4.2 kwa seli au ikitumika baada ya kuvimba. Huhitaji chaja inayosawazisha seli, na haiachwi ikichaji bila mtu. Isishuke chini ya volti 3 kwa seli.

Matumizi mbali na miji

Mahali kama Majimoto, katika Wilaya ya Mlele mkoani Katavi, vigezo hivi hubadilika uzito. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka hapo, kwa hiyo kipuri cha shilingi chache huweza kulisimamisha gari kwa muda mrefu. Ni busara kununua ekseli na gia za akiba pamoja na gari. Kiangazi huleta vumbi linaloingia kwenye beringi, na masika huleta tope linaloelemea mota hadi ikapata moto.

Kuchaji kwa sola kunawezekana: betri ya volti 7.4 na Ah 5 hubeba Wh 37, kiasi ambacho paneli ya wati 50 hukikusanya katika saa chache za jua kali, ikiwa chaja inakubali umeme wa volti 12. Kwa mazingira hayo, gari la mota ya brashi lenye vipuri vya kutosha huweza kufaa kuliko lile lenye kasi ya kilomita 80 kwa saa.